Vichupa vya kale vya mafuta, siki na divai: namna ya kuvichunguza, kuvisafisha na kuvitumia

Kichupa cha mezani kilifanya kazi ngumu kuliko vyombo vingi vya kioo. Bilauri nzuri zilitoka kabatini siku za wageni. Kichupa cha mafuta kilishikwa kila mlo, tena kwa vidole vyenye grisi, kikainamishwa, kikazibwa kwa haraka na kurudishwa kwenye fremu ya chuma kando ya wenzake. Ndiyo maana vingi vilivyotufikia vina midomo iliyomeguka, vizibo visivyo vyao na ukungu tumboni. Kwa mnunuzi, alama hizo za kazi ndizo ushahidi wa kuaminika zaidi. Mtindo huigwa, na mihuri hughushiwa. Kigumu ni kuigiza uchakavu unaokubaliana kwenye kitako, shingo na kizibo kwa wakati mmoja.

Mpangilio wa hatua zifuatazo ni ule ninaoufuata mwenyewe: kwanza mbele ya meza ya muuzaji, kisha nyumbani penye beseni la maji. Chukua tochi ndogo, lenzi inayokuza mara 10, vijiti vichache vya pamba na, ukiweza, tochi ya miale ya urujuanimno. Vyote vinaingia mfukoni.

Hatua ya 1: Jua kichupa kilibeba nini

Ukishajua kazi ya kichupa, utajua pia kinapaswa kuwa na sehemu gani, na kipi kimepotea. Vichupa vya mafuta na siki kwa kawaida huja viwili viwili, vinavyofanana umbo. Nchini Uingereza, katika karne ya 18, vilipewa nafasi kwenye fremu ya fedha iliyobeba pia vinyunyizio 3, vya sukari, pilipili manga na haradali. Wakusanyaji huiita fremu hiyo kwa jina la Warwick. Baadaye fremu ziliongezeka matundu, na palipokuwa na vichupa 2 vya kioo pakawa na 6 au 8: cha pilipili kali, cha sosi ya soya, cha siki yenye viungo, na kikopo cha haradali chenye kifuniko kilichokatwa pengo la kijiko. Ukiona kichupa kidogo chenye kifuniko cha fedha kilichotobolewatobolewa, kilikuwa cha unga, si cha kimiminika, hata kama muuzaji anakiita cha siki.

Herufi zilizochorwa tumboni husaidia, ila zina mtego. Vyombo vya udongo vya Delft, Uholanzi, huwa na O kwa mafuta na A kwa siki, na vya Italia hutumia herufi hizo hizo. Vya Ufaransa hutumia H na V. Sasa chukua jozi yenye A na V: hiyo ni ya altare, ya maji na divai ya misa, kwa sababu herufi zimetoka kwenye Kilatini. Basi kichupa kimoja chenye A, kikiwa peke yake bila mwenzake, kinaweza kuwa cha siki au cha maji ya misa. Tazama mapambo. Vya altare mara nyingi hubeba msalaba, na kile cha divai huweza kuwa na zabibu au majani ya mzabibu kwenye kifuniko. Kwa kawaida huwa na sahani yao ndogo, na ni vidogo kuliko vya mezani, kwa kuwa divai inayohitajika ni kidogo.

Kuna aina moja ambayo haihitaji herufi. Ni vichupa pacha, yaani viwili vilivyopulizwa kando kisha vikaunganishwa ubavuni vikiwa bado moto, midomo ikielekea pande tofauti ili ukimimina mafuta siki isimwagike. Vimetengenezwa kwa muda mrefu sana katika nchi nyingi, kwa hiyo umbo lake peke yake halisemi chochote kuhusu umri.

Hatua ya 2: Geuza, utazame kitako

Omba ruhusa, toa kizibo kwanza (vingi vimevunjika kwa kuanguka wakati chupa inageuzwa), kisha kipindue kichupa chini ya mwanga wa tochi.

Kitako cha chombo kilichotumika kina mikwaruzo midogo ya urefu tofauti, inayokwenda kila upande, na ipo mahali panapogusa meza tu. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, au ikiwa imesambaa hadi sehemu za ndani ambazo haziwezi kugusa meza, mtu amepitisha msasa. Kichupa kilichoishi ndani ya fremu ni kesi ya pekee: kitako chake huweza kuwa safi kuliko unavyotarajia, lakini tafuta msuguano kwenye ubavu, pale ambapo pete ya fremu ilikikumbatia.

Katikati ya kitako huenda ukakuta kovu. Mpulizaji alipomaliza tumbo la chupa aliibandika kitakoni kwenye fimbo ya chuma ili amalizie mdomo, kisha akaivunja itoke. Alama iliyobaki huwa na kingo kali. Karakana zilizojali ziliisaga hadi ikawa kisahani laini. Tangu katikati ya karne ya 19 viwanda vingi vilianza kushika chupa kwa vibanio, na kovu likatoweka. Kwa hiyo kutokuwepo kwa kovu hakumaanishi ubandia, na kuwepo kwake hakuthibitishi ukale: wapulizaji wa leo bado wanaacha kovu lile lile. Wauzaji wanapenda sana kukuonyesha kovu. Wewe rudi kwenye mikwaruzo.

Soma pia maandishi yoyote yaliyomo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo jina la nchi likiwa limepigwa kwenye kitako, kwa kawaida kichupa kimetengenezwa baada ya hapo. Neno “Czechoslovakia” haliwezi kuwa la kabla ya 1918, kwa sababu nchi yenyewe haikuwepo.

Hatua ya 3: Kizibo na shingo, hapa usiwe na haraka

Kama una dakika 5 tu, zitumie zote hapa. Kizibo ndicho sehemu inayopotea, kuvunjika na kubadilishwa kuliko nyingine yoyote, na kichupa kisicho na kizibo chake kimepoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Anza kwa kukitazama ukiwa umekitoa. Vizibo vizuri vya kioo vilisagwa pamoja na shingo ili vikae sawasawa. Mguu wa kizibo huwa na rangi ya kijivu isiyong'aa, na ndani ya shingo huwa na rangi hiyo hiyo kwa kina kinacholingana. Shingo ikiwa imesagwa na mguu wa kizibo unang'aa, au kinyume chake, hao hawakuzaliwa pamoja. Chunguza kwa lenzi ukingo wa mdomo na ncha ya mguu: mara nyingi mafundi walikwaruza namba ndogo sehemu zote mbili ili jozi zisichanganyike karakanani. Namba zikilingana umepata ushahidi mzuri. Zikitofautiana huenda vizibo vya jozi vimebadilishana, kwa hiyo jaribu cha mwenzake kabla ya kukata tamaa.

Kisha kirudishe na ukizungushe polepole kwa vidole viwili. Kizibo halisi hukaa bila kuyumba na huzunguka kwa mkwaruzo laini unaolingana pande zote. Kinachoyumba ni chembamba mno. Kinachokaa juu juu, mguu ukiwa haujashuka, ni kinene mno. Kizibo kinachozama hadi kichwa kigonge mdomo bila kushikwa na shingo kilikuwa cha chupa nyingine, mara nyingi ya manukato.

Sasa linganisha kioo chenyewe. Weka kizibo na chupa juu ya karatasi nyeupe, uvitazame kwa ubavu. Kioo cha kale kisicho na rangi hakiwi cheupe kabisa, kina kivuli cha kijivu, kijani au manjano, na kivuli hicho kinapaswa kuwa kimoja kwa kizibo na chupa. Michongo pia isemezane. Chupa yenye almasi ndogo ndogo haikupewa kizibo cha uyoga laini bila sababu. Zipo tofauti zilizokusudiwa, ndiyo, lakini atakayekuambia hivyo ni muuzaji, na ni juu yake kuthibitisha.

Mdomo una siri yake. Ukimeguka, wapo wanaousaga mpaka pengo liishe, na chupa inabaki fupi kidogo kuliko ilivyokuwa. Utajua kwa kulinganisha na mwenzake, au kwa kupitisha kidole: ukingo uliomalizwa kwa moto ni wa mviringo na laini, ukingo uliosagwa upya ni bapa na una pembe. Kichupa cha mafuta ambacho mdomo wake umesagwa kiasi hicho kitadondosha matone kwenye kitambaa cha meza daima, maana ule mchirizi wa kumiminia ndio uliosagwa.

Kama kuna mkono wa kushikia, mulika tochi pale unapoungana na tumbo. Nyufa za hapo huonekana kama uzi wa fedha unaong'aa ukigeuza chupa. Pitisha pia miale ya urujuanimno mahali penye giza: gundi nyingi hung'aa kwa rangi tofauti na kioo, na mkono uliobandikwa upya utajitangaza wenyewe. Kichupa chenye ufa kwenye mkono kinafaa kabati tu, kamwe usikijaze.

Hatua ya 4: Kimetengenezwaje?

Kuna njia tatu za utengenezaji za kutambua. Kioo kilichochongwa kwa gurudumu kina kingo kali unazozihisi kwa kidole, na upande wa ndani ni laini kabisa. Kilichopulizwa ndani ya kalibu kina mawimbi upande wa ndani yanayofuata umbo la nje, pamoja na mshono ubavuni, labda ukiwa umefutika kidogo kwa moto. Kilichokandamizwa kwa mashine, mbinu iliyoenea Marekani kuanzia miaka ya 1820, kina kingo za mviringo kidogo, mshono, na upande wa ndani ulionyooka, kwa sababu huko ndiko mtwangio wa chuma ulikoingia. Lakini mtwangio lazima utoke, na hauwezi kutoka kwenye shingo nyembamba. Hivyo vichupa vilivyokandamizwa vilifungwa shingo kwa mkono vikiwa bado moto, na karibu na bega utaona mchoro ukivutwa na kupinda. Hiyo si kasoro.

Uzito unategemea risasi, yale madini. George Ravenscroft alipata hataza yake ya kioo London mwaka 1674, na miaka michache baadaye kioo cha Uingereza chenye risasi kilikuwa kizito, chenye mng'ao, na laini kuchongwa. Serikali iliona fursa: kuanzia 1745 hadi 1845 ushuru ulitozwa kwa uzito wa malighafi, na mafundi wa Uingereza walijibana wakatengeneza vyombo vyepesi zaidi, huku Ireland, iliyokuwa nje ya ushuru huo hadi 1825, ikijulikana kwa vyombo vizito vyenye michongo ya kina. Kwa hiyo “kizito maana yake cha kale” ni kanuni mbovu. Kichupa chembamba chenye mchongo wa juu juu huweza kuwa kikongwe kuliko kile kizito kilichojaa almasi.

Watu hupenda kugonga kioo kwa ukucha kusikiliza mlio. Kwa bilauri sawa. Kwa kichupa chenye shingo nyembamba na tumbo nene mlio hufa mara moja hata kikiwa na risasi nyingi, usijisumbue.

Hatua ya 5: Rangi na miale

Kioo chenye urani, kilichoanza kupendwa Bohemia miaka ya 1830, hung'aa kijani kikali chini ya miale ya urujuanimno. Kioo chenye manganizi huonyesha kijani hafifu, na wengi huchanganya hivi viwili. Wala mng'ao wa urani si cheti cha umri, kwani kioo cha aina hiyo bado kinatengenezwa.

Jihadhari na zambarau. Kioo cha zamani kilichotiwa manganizi ili kionekane cheupe hugeuka zambarau nyepesi kikikaa juani kwa miaka mingi. Wapo wanaoharakisha jambo hilo kwa mionzi, wakapata zambarau nzito kuliko jua linavyoweza kutoa. Mimi huiacha mezani bila mjadala.

Vichupa vya rangi vya Marekani, vyenye vinundu au weupe wa maziwa ukingoni, vimeigwa sana. Kampuni ya Fenton, iliyoanzishwa 1905 na kuacha kutengeneza vyombo vyake vya kioo 2011, ilitoa vingi vya mitindo ya zamani, na tangu miaka ya 1970 ilikuwa ikiweka jina lake kitakoni. Ni kazi nzuri na wapo wanaovikusanya kwa heshima zote. Tatizo ni pale jina linaposagwa likafutwa: ukiona doa la duara lililong'arishwa kitakoni mahali ambapo pangetarajiwa mikwaruzo, jiulize nini kilikuwa hapo.

Hatua ya 6: Fremu na vifuniko vya fedha

Fedha ya Uingereza ina mihuri midogo inayosomeka kwa lenzi. Simba anayetembea maana yake ni fedha ya asilimia 92.5. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji, kwenye vitu vya kale, ni Sheffield. Ofisi za kupima fedha za miji hiyo miwili ya mwisho zilifunguliwa 1773. Kichwa cha mfalme au malkia, alama ya kulipwa ushuru, kilipigwa kuanzia 1784 hadi 1890. Ukikipata umepata mipaka ya miaka bila hata kujua herufi ya mwaka, yaani ile inayopigwa kuonyesha mwaka wa muhuri. Fedha ya Ufaransa tangu 1838 ina kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi.

Herufi EPNS zinasema chuma kimepakwa fedha kwa umeme, teknolojia iliyosambaa baada ya hataza ya Elkington ya 1840. Watengenezaji wengi walizipanga herufi hizo katika vikasha vidogo vinavyofanana na mihuri halisi kwa mbali. Fremu za kale zaidi za shaba iliyofunikwa bamba la fedha zilianza Sheffield miaka ya 1740, na kwenye pembe zilizosuguliwa sana shaba huchungulia kwa wekundu. Usikubali wekundu huo upakwe upya. Ukishafunikwa, fremu inakuwa kitu kingine.

Hesabu matundu, kisha uweke kila kichupa tunduni mwake. Vichupa vya asili hukaa bila kulegea na hulingana urefu wa mabega. Kimoja kikicheza, ni mgeni. Fremu nyingi zina mgeni mmoja au wawili, na si dhambi, mradi upunguziwe bei.

Hatua ya 7: Ukungu wa ndani

Hili ndilo swali ambalo majibu yake hayawezi kupatikana kwa macho tu. Ukungu unaweza kuwa chokaa iliyobaki maji yalipokauka, nayo huondoka. Unaweza pia kuwa ugonjwa wa kioo chenyewe: unyevu uliofungiwa humo kwa miaka umekula uso wa kioo, na hakuna dawa ya nyumbani inayourudisha. Vyote viwili hupotea kichupa kikiwa na maji na hurudi kikikauka, kwa hiyo usinunue kichupa chenye maji ndani.

Ipo hila ya zamani: kupaka mafuta mepesi ndani ya chupa iliyokufa uso, nayo inang'aa wiki kadhaa. Ingiza kijiti cha pamba, usugue, ukinuse na kukitazama. Pamba ikitoka na utelezi kwenye chupa ya siki, una jibu lako. Kwenye chupa ya mafuta jambo halina uhakika huo, ila mafuta ya kula ya miaka mingi huwa ya manjano na yana gundi, si mepesi na safi.

Kama muuzaji anadai “ni chokaa tu, itatoka”, mwulize kwa upole mbona hajaitoa.

Hatua ya 8: Kusafisha

Tandika taulo kwenye beseni la plastiki. Tumia maji ya uvuguvugu, usiyoogopa kutia mkono, na sabuni kidogo ya vyombo. Maji ya moto juu ya kioo baridi hupasua, na mashine ya kuoshea vyombo haina nafasi hapa kabisa: joto na dawa zake kali hula kioo chenye risasi.

Kabla ya kuzamisha chochote, angalia mambo mawili. Pete na vifuniko vya fedha mara nyingi vimeshikwa kwa plasta, ambayo hulainika majini na kuachia. Chupa za namna hiyo safisha ndani kwa kumimina, shingo ikiwa kavu. Na dhahabu au rangi ya maandishi yaliyochorwa: gusa sehemu ndogo isiyoonekana kwa pamba yenye unyevu. Ikiacha rangi, usiioshe.

Chupa ya siki na divai huwa na chokaa na doa. Jaza siki nyeupe, au asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, uache saa chache au usiku mmoja bila kizibo. Mabaki yakibaki, tia punje za mchele mkavu na maji ya sabuni nusu ya chupa, uzungushe taratibu kwa kifundo cha mkono. Usitikise. Mchanga, misumari na vipande vya waya, ambavyo bado nasikia vikipendekezwa, vitakwaruza, na mkwaruzo wa ndani haung'arishwi na mtu yeyote wa kawaida.

Chupa ya mafuta ni adui tofauti. Mafuta yaliyozeeka hukauka yakawa gamba la manjano linalocheka maji na siki. Hapo tumia spiriti, na ikishindwa asetoni, kwa kiasi kidogo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Zungusha, mwaga, rudia, kisha sabuni. Asetoni isiguse mapambo ya nje wala gundi yoyote ya zamani. Magadi ya kufulia huondoa mafuta haraka zaidi lakini pia hushambulia kioo chenye risasi, kwa hiyo mimi huyaacha.

Suuza mwishowe kwa maji yaliyochujwa madini, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi yake), ili usiache chokaa mpya. Pindua chupa kwenye kitambaa, ikiwa imeinuliwa kidogo hewa ipite, na uisubiri ikauke kabisa. Siku mbili si nyingi. Tone la spiriti lililozungushwa ndani huharakisha. Kizibo kikirudishwa kabla ya hapo, unaanza upya ugonjwa wa Hatua ya 7 kwa mikono yako.

Fedha isugue kwa kitambaa laini na dawa ya fedha, mara chache iwezekanavyo, hasa iliyopakwa, kwa sababu kila kusugua huondoa tabaka jembamba. Siki na chumvi vikimwagikia fremu, futa usiku huo huo.

Hatua ya 9: Kizibo kilichokwama

Jiulize kwanza kimekwamishwa na nini. Kwenye chupa ya siki ni chumvi na chokaa, basi maji ya uvuguvugu au siki iliyodondoshwa kuzunguka mdomo ndiyo dawa. Kwenye chupa ya mafuta ni lile gamba, nalo linataka spiriti. Divai tamu huacha sukari, inayotaka maji. Wengi huanza na mafuta ya kupikia kwa kila kesi. Yanalainisha, sawa, lakini kwenye chupa ya mafuta unaongeza gundi juu ya gundi.

Dondosha, acha saa kadhaa, dondosha tena. Kisha zungushia shingo kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu kwa dakika moja: shingo hutanuka kidogo kabla kizibo hakijapata joto. Gonga kizibo kwa mpini wa kijiko cha mbao, pigo jepesi la kuelekea juu, upande mmoja kisha upande wa pili, ukishika kizibo kwa vidole muda wote kisije kikaruka. Jaribu kukizungusha. Kisipotoka, rudia kesho. Koleo, jokofu na moto wa jiko vimevunja shingo nyingi kuliko ajali zote nyingine.

Hatua ya 10: Kutumia, na mpaka wake

Unaweza kuvitumia, ila mezani tu. Risasi iliyomo kwenye kioo hutoka ikikutana na asidi, na siki na divai ni asidi. Mwaka 1991 Joseph Graziano na Conrad Blum wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha vipimo vya divai ya port iliyowekwa kwenye chupa za kioo chenye risasi: baada ya miezi 4 ilikuwa na zaidi ya mikrogramu 2,000 za risasi kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10. Muda ndio unaoamua. Mimina kabla ya mlo, na kilichobaki kitoe baada ya mlo, uoshe. Kichupa kilichoachwa na siki wiki nzima mezani kama pambo ndicho chenye hatari. Mjamzito na watoto wasitumie kabisa vya kioo chenye risasi.

Mafuta hayana asidi ya namna hiyo, lakini huchacha yakikaa kwenye chupa ya wazi kwenye mwanga, kwa hiyo nayo tia kiasi cha mlo. Vichupa vya udongo vyenye nakshi vilipakwa glezi ya risasi, na vya aloi ya bati la zamani huwa na risasi ndani yake. Hivi vya aina mbili viache kabatini, divai na siki zisiviguse.

Ukivihifadhi, kizibo kisikae kimebanwa shingoni. Kifunge kwa karatasi laini isiyo na asidi, ukifungie shingo ya chupa yake kwa uzi, kila kimoja na chake, na vichupa vya fremu vitoe matunduni kabla ya kuhamisha nyumba au hata meza. Kwenye kikaratasi andika ulikonunua, namba iliyokwaruzwa kwenye kizibo, na urefu wa kichupa bila kizibo kwa milimita. Ukija kukutana na mwenzake kwa muuzaji mwingine, utahitaji vipimo hivyo, si kumbukumbu.